Tulivyotafuta Injini ya Pikapu ya Tawi



Tangu pikapu ya tawi letu isimame, hatukufanya mkutano hata mmoja bila mwanachama kunyosha mkono na kuuliza: "Gari letu liko wapi, na michango yetu iko wapi?" Swali hilo ni la haki. Gari ni la wanachama, na pesa ni za wanachama. Kwa hiyo sisi wa halmashauri ya tawi tumeamua kuandika habari yote hapa, tangu siku injini ilipokufa hadi siku ilipowaka tena, pamoja na makosa yetu wenyewe. Mficha maradhi kifo humuumbua, na chama kinachoficha hesabu hakidumu.

GARI LA WATU

Kwa wenzetu wa mbali ambao hawajaiona pikapu yetu, tunaeleza kwanza. Ni Peugeot 404 ya kubebea mizigo, ile yenye turubai nyuma, ambayo katika nchi nyingi za Afrika zinazotumia Kifaransa huitwa "bashe". Gari dogo la 404 lilitoka Ufaransa mwaka 1960, na pikapu yake ikafuata mwaka 1967. Vijana wa leo huicheka, lakini wazee wanakumbuka kwamba 404 ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mara nne, mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968, katika matope na mawe yaliyovunja magari ya kila namna. Kenya iliendelea kuunda pikapu hizi hadi mwaka 1991, miaka mingi baada ya Wafaransa kuacha kutengeneza gari dogo la 404.

Tawi lilinunua pikapu hii ikiwa imekwisha kutumika, kwa michango ya wafanyakazi wa viwanda vya kukobolea kahawa na vituo vya kuoshea kahawa. Wengi waliochanga sasa ni wastaafu, na wengine wametangulia mbele ya haki. Gari halina redio, na kiti chake tumekishona mara tatu. Lakini limebeba unga wakati wa mgomo, limebeba viti vya mikutano, limebeba maharusi, na limebeba majeneza ya wenzetu hadi vilimani kwao. Mfanyakazi anapoumia usiku katika kituo kilicho mbali na barabara kubwa, hili ndilo gari lake.

SIKU ILIPOKUFA

Wakati wa mavuno ya kahawa tuliitwa upande wa Karuzi. Mama mmoja, mchambuzi wa kahawa, alikuwa na uchungu wa uzazi tangu alfajiri na hali yake ilikuwa mbaya. Dreva wetu akamchukua pamoja na ndugu zake wawili, wakaelekea hospitali ya Gitega. Katikati ya mlima injini ikalia kama nyundo juu ya fuawe, kisha ikanyamaza. Oili ikamwagika barabarani. Mkono mmoja wa pistoni ulikuwa umekatika na kutoboa ubavu wa bloku.

Wanaume waliokuwa wakirudi shambani wakatengeneza ingobyi, machela yetu ya jadi, wakambeba mama yule mabegani hadi walipopata gari jingine. Tunamshukuru Mungu, mama yuko hai na mtoto yuko hai. Lakini tusidanganyane: ilikuwa bahati. Bahati si mpango wa kazi.

Sasa kosa la kwanza. Dreva alikuwa ametuambia mara mbili kwamba taa nyekundu ya oili inawaka anapopanda mlima. Mara ya pili alituandikia katika daftari la gari. Sisi tukasema: "Ngoja mwisho wa mwezi, fedha ni kidogo." Ndugu zetu, tumesimama mara ngapi mbele ya mameneja kulalamika kwamba mfanyakazi alionya mashine ni mbovu na bosi hakusikiliza? Safari hii bosi asiyesikia alikuwa sisi. Aibu hiyo ni yetu, wala si ya dreva.

TUUZE AU TUTENGENEZE?

Mkutano wa wanachama ulikuwa mkali. Upande mmoja ulisema tuuze gari kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Walikumbusha jinsi petroli ilivyoadimika nchini mwaka 2022 na 2023, wakauliza faida ya kutengeneza gari la zamani ni nini. Upande wa pili ulisema tutie injini na giaboksi ya Kijapani, kwa kuwa spea zake ziko kila mahali. Upande wa tatu ulisema gari lirudishiwe injini ya umri wake na ya aina yake.

Tulipiga kura, na upande wa tatu ukashinda kwa kura chache. Tukiri hapa kwamba wengi wetu tulipiga kura kwa mapenzi tu, bila kujua sababu. Sababu tuliijua baadaye, kama mtakavyosoma.

Giaboksi nayo, ambayo mafundi wengi wa kwetu huiita bwate, ilikuwa mgonjwa wa siku nyingi. Gia ya tatu ilikuwa ikiruka yenyewe, na dreva alikuwa akiishikilia kwa mkono wa kulia huku akishika usukani kwa wa kushoto. Kwa hiyo tulihitaji vyote viwili.

SAFARI YA KWANZA YA MUYINGA

Tulisikia kwamba Muyinga, upande wa barabara iendayo mpaka wa Kobero, kuna mfanyabiashara mwenye magofu ya magari. Wajumbe wawili wa halmashauri wakatumwa na michango ya miezi minne mfukoni.

Kabla ya kuondoka tuliuliza kijana mmoja gereji, naye akatufundisha jambo. Alisema injini halisi ya 404 ina ukubwa wa sentimita za ujazo 1618, na pistoni yake hupanda na kushuka milimita 73. "Toeni plagi," akasema, "ingizeni kijiti, zungusheni injini kwa mkono, pimeni kijiti kinavyopanda. Kikipanda 73, lipeni." Tukaona tumekwisha kuwa mafundi.

Huko Muyinga tulionyeshwa injini iliyolala ubavu kwa nyuzi 45, kama injini ya 404 inavyolala. Tukaingiza kijiti. Kikapanda 73. Tukakumbatiana! Palikuwa na giaboksi ya Peugeot chini ya mabati, tukainunua nayo. Tukalipa pesa zote siku ile ile, tukapewa kikaratasi kisichotaja namba wala aina ya kitu chochote. Tukapakia vyuma juu ya lori la mizigo, tukarudi Gitega tukiimba.

Dreva alivitazama vile vyuma kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa adabu: "Wazee wangu, mmemwuliza Mzee?"

Tukamwuliza, mzee gani?

MZEE AMBAYE HATUKUMJUA

Ndugu wasomaji, katika mji wetu wa Gitega anaishi fundi ambaye alitengeneza magari ya Peugeot tangu ujana wake. Alifanya kazi miaka mingi katika gereji ya mwajiri mmoja ambaye hatutamtaja. Miaka yote hiyo alikuwa kibarua wa kulipwa kwa siku. Hakuandikwa kwenye bima ya jamii, kwa hiyo leo hana pensheni. Anaishi kwa kutengeneza baiskeli na pampu za maji. Na kwa kuwa alikuwa kibarua, hakuwahi kuwa katika orodha ya chama chetu. Dreva alimjua. Sisi viongozi hatukumjua.

Mzee alikuja na spana zake ndani ya kitambaa. Hakutulaumu. Alifungua kichwa cha injini, akaweka kipimo juu ya mdomo wa silinda, akatuita tusome wenyewe. Kilisema 80.

"Ya kwenu ni 84," akasema. "Hii ni injini ya 1468. Ilianza kwenye Peugeot 403 mwaka 1955, na baadaye wakaitia katika baadhi ya 404. Mwendo wa pistoni ni 73 kwa hii na 73 kwa ile. Tofauti iko kwenye upana. Kijiti hakiwezi kupima upana."

Tukatazamana. Kijana wa gereji hakutudanganya, alitupa nusu ya elimu tu. Nasi tulilipa pesa nzima kwa nusu ya elimu.

Milimita nne ni nini? Mzee alituandikia hesabu kwa chaki sakafuni. Piga hesabu ya eneo la duara la silinda, zidisha kwa mwendo, kisha kwa silinda nne, na utakuta kwamba milimita nne za upana zinatoa tofauti ya sentimita za ujazo 150. Huku kwetu Gitega tuko mita 1,500 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi na kila safari ni mlima. Gari likiwa na wagonjwa na magunia nyuma, upungufu huo unauona mlimani.

Giaboksi nayo aliizungusha, akapanga gia moja moja kwa mkono, akaitua chini. "Hii ni ya aina ya C3, ya kabla ya mwaka 1967," akasema. "Gari lenu ni la baadaye, linataka BA7. Mpangilio wa gia si mmoja." Kumbe hata ndani ya 404 yenyewe kuna umri na umri.

KWA NINI SI YA KIJAPANI

Mjumbe mmoja akapandwa na hasira. "Si tulisema tutie ya Kijapani? Tazameni sasa!"

Mzee akamwomba alale naye chini ya gari. Nasi tuliobaki tukainama. Akatuuliza: "Propela iko wapi?" Katika magari mengi ya mizigo utaona chuma kirefu kinachozunguka katikati, kutoka giaboksi hadi difu ya nyuma. Katika gari letu hatukukiona. Tuliona bomba nene lisilozunguka.

"Propela imo ndani ya bomba," Mzee akaeleza. "Bomba limekazwa kwenye difu kwa nyuma, na kwa mbele limeshikwa na mkia wa giaboksi kwa kiungo cha mviringo, kama paja linavyoingia kwenye nyonga. Magurudumu yanaposukuma, msukumo unapita katika bomba, unafika kwenye giaboksi, ndipo gari zima linakwenda. Giaboksi hii haibadilishi gia tu, inasukuma gari. Giaboksi ya Kijapani haina nyonga. Ukiitia, utakata bomba, utatafuta difu nyingine, utaunda vishikio vipya, na ukimaliza utakuwa umenunua gari jingine kwa vipande, kwa bei kubwa kuliko zima. Na likiharibika njiani, hakuna fundi atakayejua ulichokifanya."

Hapo ndipo tulipopata sababu ya kura yetu. Injini ya umri wake haikuwa pambo la makumbusho. Ilikuwa njia fupi na ya bei nafuu kwa gari la maskini.

Kisha akatuuliza swali lililotuchoma. "Kwenye bwate mlikuwa mkitia oili gani?" Tukajibu kwa fahari: oili nzito ya giaboksi, ya bei ghali. Akatikisa kichwa. Giaboksi hii ya Peugeot hunywa oili nyepesi, ile ile ya injini. Oili nzito haifiki upesi mahali inapotakiwa, hasa asubuhi ya baridi. Tuliitibu kwa dawa isiyo yake, tena kwa gharama kubwa.

SAFARI YA PILI

Tulirudi Muyinga, safari hii pamoja na Mzee na dreva. Tulidhani patakuwa na ugomvi. Mzee alimsalimia mfanyabiashara, akauliza habari za watoto, akanywa chai, ndipo akaweka kipimo mezani na kusema: "Ndugu yangu, tupime pamoja." Walipima. Mfanyabiashara akasema naye aliinunua akiambiwa ni 1618. Huenda ni kweli, huenda si kweli. Kikaratasi chetu hakikutaja ukubwa wowote, kwa hiyo hatukuwa na la kumshitaki. Akakubali kupokea injini na giaboksi yake, akarudisha sehemu ya fedha, na kwa sehemu nyingine akatupa ruhusa ya kuchagua spea katika magofu yake. Baki lilipotea. Hesabu yake mtaiona hapa chini.

Alituonyesha injini ya Peugeot 504 vilevile. Mzee hakuidharau. Alisema injini za 404 na 504 ni ndugu wa damu, na wengi wamezibadilishana. Alituonyesha kwamba hapo ndipo kijiti kinapofaa, kwa sababu pistoni ya 504 ya petroli, ya 1796 au ya 1971, hutembea milimita 81. Lakini alipovuta kijiti cha kupimia oili, kilitoka na kitu cheupe kama maziwa ya mgando. Maji yalikuwa yameingia kwenye oili. Akakirudisha bila kusema neno. Tukaelewa.

Nyuma kabisa, kati ya migomba, palikuwa na gofu la pikapu ya 404 iliyoingia zamani kutoka upande wa Tanzania. Usukani wake ulikuwa kulia. Giaboksi yake ilikuwa BA7. Mzee aliimwaga oili ndani ya sahani nyeupe, akaipekua kwa kidole kutafuta vipande vya chuma. Akazungusha shafti kwa kila gia, moja hadi nne na ya kurudi nyuma. Akatia mdomo wa bisibisi kwenye kifuniko na mpini sikioni, akasikiliza. "Hii inafaa," akasema.

Mmoja wetu aliuliza, je, si ya usukani wa kulia? Mzee akajibu kwamba wenzetu wa Tanzania na Kenya huendesha kushoto, nasi kulia, lakini ndani ya giaboksi meno hayajui sheria za barabarani. Tofauti iko kwenye zile fimbo zinazoshuka kutoka kwenye shingo ya usukani, kwa maana gia za gari hili hupangwa pale usukanini. Fimbo hizo tuziache, tutumie zetu za zamani.

Safari hii tuliandikiana kwa ukamilifu: aina ya giaboksi, gari ilikotoka, bei, sharti la kuirudisha, na sahihi za mashahidi wawili pamoja na kiongozi wa kilima.

ILIKUWA GITEGA

Giaboksi tulikuwa nayo. Injini bado. Tulianza kupanga safari ya Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, unaojulikana kwa Kiswahili chake na kwa mafundi wake wa magari. Mzee akatuzuia. "Kabla ya kwenda mbali, twende kwa mjane mmoja hapa mjini."

Chini ya mparachichi, nyuma ya nyumba, palikuwa na 404 dogo la marehemu mume wake. Kuku walitaga ndani. Mzee ndiye aliyelitengeneza mara ya mwisho, na alikumbuka kwamba lilisimamishwa kwa sababu ya breki, injini ikiwa nzima. Tulikuwa tumepita mbele ya nyumba ile mara nyingi tukienda mikutanoni.

Mama mwenye nyumba alikuwa mwerevu kuliko sisi sote. Alisema injini atauza, gofu litabaki, kwa sababu kuku wamelizoea. Alitaja bei ya haki. Na akaongeza sharti moja: safari ya kwanza ya pikapu ibebe matofali yake ya kumalizia chumba cha mwanawe. Tukaandika sharti hilo katika hati pamoja na bei.

Mzee alitia oili kidogo katika kila tundu la plagi, akaiacha injini siku mbili, kisha akaizungusha kwa mkono. Ilizunguka. Akafungua kichwa. Sote tukakusanyika kusoma kipimo, hata watoto. Kilisema 84.

Silinda moja ilikuwa na mkwaruzo. Tulikata tamaa, lakini Mzee akacheka. Injini hizi zina mabomba ya silinda yanayochomoka, ambayo mafundi huyaita shemizi, kwa maana ni kama shati unalolivua na kulivaa. Alichomoa shemizi moja nzima pamoja na pistoni yake kutoka katika injini yetu iliyokufa, akaivika injini mpya, akatia mipira na gasketi mpya. Kwa hiyo sehemu ya injini ya zamani, iliyonunuliwa kwa michango ya wazee wetu, bado inafanya kazi ndani ya hii.

WENZETU WA SOCHAUX

Tulipokuwa tukisafisha chuma kile kwa petroli na brashi, mmoja wetu aliuliza ni nani aliyekitengeneza. Ni swali zuri kwa mwana chama. Magari ya 404 yalitoka hasa katika kiwanda cha Sochaux, mashariki ya Ufaransa. Mwaka 1968 wafanyakazi wa kiwanda hicho waligoma, kama mamilioni ya wenzao nchini mwao. Tarehe 11 Juni 1968 polisi waliingia kiwandani. Wafanyakazi wawili walikufa siku hiyo. Pierre Beylot, mwenye umri wa miaka 24, alipigwa risasi. Henri Blanchet, mwenye umri wa miaka 49, alianguka kutoka ukutani. Wengi walijeruhiwa.

Hatujui ni mikono ya nani iliyokaza boliti za injini yetu. Lakini ilikuwa mikono ya mshahara, kama yetu. Mfanyakazi wa Sochaux hakujua kwamba kazi yake itambeba mchambuzi wa kahawa wa Burundi kwenda hospitali, nasi mara nyingi hatujui kahawa yetu inanywewa na nani. Tulisimama kidogo pale gereji, tukawataja wale wawili kwa majina, kisha tukaendelea na kazi.

ILIWAKA

Tulifunga miti mitatu ya mikaratusi, tukatundika mnyororo wa kunyanyulia, tukashusha injini na giaboksi zikiwa zimeungana. Kazi ngumu ilikuwa kuifikisha nyonga ya lile bomba mahali pake. Ilituchukua nusu siku na maneno ambayo hayaandikwi gazetini. Tukatia oili ya injini kote kuwili. Mara ya kwanza haikuwaka. Mara ya pili ilikohoa. Mara ya tatu ilitoa moshi mweupe uliofunika uwanja wote, kisha moshi ukapungua, na injini ikatulia. Wachambuzi wa kahawa waliokuwa wakitoka zamu wakapiga vigelegele.

Matofali ya Mama yalifika kwake siku ya pili.

HESABU NA MAAZIMIO

Sasa jibu la swali lenu. Katika michango ya miezi minne, sehemu iliyopotea kwa ununuzi wetu wa haraka ni sawa na michango ya mwezi mmoja na nusu. Wajumbe waliokwenda safari ya kwanza wamekubali kutochukua posho yoyote hadi pengo hilo lizibwe. Risiti na hati zote ziko ofisini, na mwanachama yeyote aje azisome. Mzee amelipwa ujira kamili wa fundi, si zawadi wala shukrani.

Mkutano umeazimia haya. Kwanza, dreva akiandika hitilafu katika daftari la gari, halmashauri ijibu kwa maandishi kabla gari halijatoka tena, na isipojibu dreva ana haki ya kukataa kuendesha. Pili, hakuna kununua mashine bila fundi anayeijua, bila kufungua na kupima, na bila hati inayotaja aina, ukubwa na sharti la kurudisha. Tatu, vijana wawili wa wanachama watajifunza kwa Mzee, nao watayaandika anayoyajua, kwa kuwa maarifa hayo hayamo katika kitabu chochote mjini kwetu. Nne, na hili ndilo kubwa: vibarua wote wa viwanda na vituo vyetu waandikwe katika orodha ya tawi kuanzia sasa, na madai yao ya bima ya jamii yawe madai yetu ya kwanza mbele ya waajiri.

Tulikwenda Muyinga mara mbili kutafuta kitu kilichokuwa Gitega, kwa sababu hatukumwuliza mtu ambaye mwajiri wake hakumhesabu, na sisi vilevile hatukuwa tumemhesabu. Basi ndugu, kila tawi na litazame kwake. Ni kibarua gani kiwandani kwenu anayejua mashine kuliko meneja, na jina lake halimo kwenye orodha yenu? Mwandikeni leo, kabla injini haijakufa mlimani.

Umoja ni nguvu.